Siku Nilipoiombea Supamaketi

Alhamisi, alasiri. Mawingu yametanda juu ya Kitui tangu alfajiri, mazito na ya kijivu, wala hayajadondosha tone. Vumbi liko palepale lilipokuwa jana. Sina amani, na sitajifanya ninayo.

Leo ilikuwa siku ya soko katika mtaa wetu, na soko halikuwapo.

Mke wangu, Mama Ndinda, alitoka asubuhi akimwongoza punda aliyebeba magunia mawili ya muthokoi. Kwa msomaji asiye wa huku: ni mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka yakaachana na maganda yake, yakaanikwa, yakawa tayari kupikwa na kunde au mbaazi. Ameyauza kila Jumatatu na Alhamisi, mahali pale pale, tangu binti yetu Ndinda alipokuwa mtoto wa mgongoni. Na Ndinda sasa ni mama wa watoto watatu huko Emali. Haikupita nusu saa akarudi. Alimshusha punda mzigo, akayaegemeza magunia ukutani, akaketi juu ya mojawapo na kutazama upande wa barabara.

Nilijua.

Nilivaa koti, nikachukua fimbo, nikaenda kujionea. Uwanja wa soko uko kando ya barabara ya kwenda Matinyani, ubavuni mwa supamaketi ndogo tuliyo nayo. Nimeukuta umezungushiwa mabati mapya pande tatu, na mafundi wakipigilia upande wa nne. Akina mama walikuwa wamesimama nje, ndengu na maembe yao yangali ndani ya vyondo, kama watu waliofika kwenye mazishi wakakuta maiti imekwisha zikwa.

Mama Katunge ndiye aliyeniona kwanza. Huyu huuza mapapai, na ulimi wake haujawahi kumwogopa mtu.

"Mzee Nzioka, karibu," akasema. "Umekuja kuombea na misumari?"

"Wacha mzee," mwenzake akamkanya.

"Si nauliza tu. Mabati yenyewe yana upako. Huoni vile yanang'aa?"

Walicheka. Hawakucheka kwa chuki. Wangecheka kwa chuki ningejua la kujibu. Walicheka kama watoto wanavyomcheka baba aliyerudi nyumbani amelewa, wakiona haya kwa ajili yake na kwa ajili yao wenyewe.

Nilistahili.

Wasomaji wachache wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa masomo yangu ya Jumapili, yaliyopangwa kwa vichwa na vifungu. Leo hakuna somo. Miaka mingi nimewafundisha wengine kuungama, tena kwa kutaja dhambi kwa jina lake bila kuizungukazunguka. Sasa zamu ni yangu, na naona jinsi mkono unavyokuwa mzito.

Mambo yalikuwa hivi.

Kampuni yenye supamaketi ile ndogo inataka kuijenga upya iwe kubwa: ghorofa mbili, maegesho ya magari, tanuri la mikate, sehemu ya friji na televisheni. Uwanja wa soko ulikuwa mali ya marehemu Mzee Kimanzi, ambaye aliwaachia akina mama wauzie pale bila kuwadai chochote. Alipofariki, wanawe, ambao wote wanaishi Nairobi, wakaukodisha kwa kampuni. Siwalaumu, ardhi ni yao. Lakini kabla ya uwanja kugeuzwa jengo la biashara, ni lazima wakazi wa mtaa waitwe, waelezwe na waulizwe maoni yao. Ndiyo sababu wiki tatu zilizopita uliitishwa mkutano katika ukumbi wa kanisa letu.

Siku mbili kabla ya mkutano, mwakilishi wa kampuni alikuja nyumbani kwangu. Mtu mzima, mwenye adabu, Mkamba mwenzetu kutoka upande wa Mbumbuni. Alibeba sukari na majani ya chai, kama abebavyo mgeni yeyote anayejua desturi, na Mama Ndinda akampikia chai kwa sukari ile ile. Aliniita baba. Aliniambia kampuni ingefurahi iwapo mimi ningeufungua mkutano kwa maombi, kwa kuwa nimekuwa mzee wa kanisa hapa tangu kabla ya lami kufika.

"Ukitufungulia wewe, baba, watu watatulia," akasema.

Nililipokea neno hilo kama sifa. Kichwa kilinivimba, nami nikauita uvimbe ule unyenyekevu. Sikujiuliza kwa nini mtu atake watu watulie katika mkutano ulioitishwa ili waseme.

Siku yenyewe waliniketisha mbele, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa. Walinipa kipaza sauti. Mtu aliyehubiri miaka yote bila kipaza sauti hafai kukabidhiwa kimoja uzeeni. Anaisikia sauti yake ikirudi kutoka ukutani na kudhani ni mbingu zinazomjibu.

Niliomba kwa muda mrefu. Nilianza na mvua. Nikaomba bomba la mtaa lipate maji. Nikawaombea viongozi, nikawaombea vijana wasio na kazi. Kisha sijui ni nani aliyenisukuma. Hapana, najua, nilikuwa mimi mwenyewe. Nikaanza kuwaombea wajenzi. Nikaomba kazi ya mikono yao isikwame. Nikaomba fundi yeyote asianguke kutoka juu. Nikaomba mlango ambao Bwana ameufungua katika mtaa wetu asitokee mwanadamu wa kuufunga. Na mwishoni, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kupata moto, nikaomba kila roho ya mabishano ifungwe nje ya ukumbi ule.

Ukumbi mzima ulisema Amina. Mke wangu, katika safu ya pili, alisema Amina.

Hapa ni lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo msomaji wa mbali hataona kosa liko wapi. Kanisani kwetu, jambo likishaombewa na mzee halipingwi. Anayesimama kulipinga huonekana amesimama kumpinga Yule aliyeombwa. Desturi hii sikuikuta. Niliileta mimi. Miaka ile kamati ya ujenzi wa kanisa ilipokuwa ikigombania saruji mpaka watu wakaacha kusalimiana, niliwafundisha kwamba tukiisha kuliweka jambo mbele za Bwana, tunyamaze. Ilisaidia. Ugomvi ulikwisha, kanisa likaezekwa. Nimefundisha mambo mengi mazuri zaidi ya hilo, na watu wameyasahau. Hilo moja walilishika.

Walilishika hata siku walipohitaji kuliachilia.

Mwakilishi alieleza mradi kwa picha zilizoangazwa ukutani, kisha akauliza kama kuna swali. Niligeuka nikatazama nyuma. Akina mama wa soko walikuwa zaidi ya nusu ya watu mle ndani, na kila mmoja alikuwa akitazama mikono yake. Mtu mmoja tu aliinua mkono: Salim, mwenye duka la rejareja mkabala na uwanja. Babu yake alikuja Kitui kutoka pwani, na kwa kuwa yeye ni Mwislamu, somo langu halikuwa limemfunga mdomo. Aliuliza akina mama watahamia wapi. Akaambiwa kwamba swali lake ni zuri na litazingatiwa. Akaketi. Hakuna aliyemfuata. Zikaletwa soda na mikate, na kila mtu akaandika jina lake na nambari ya kitambulisho kwenye orodha kabla ya kupewa chupa yake. Mimi nilipewa mbili.

Juzi kumbukumbu za mkutano zilibandikwa kwenye mlango wa supamaketi. Nilizisoma nikiwa nimesimama, mkononi nimeshika paketi ya chumvi niliyotoka kuinunua mle mle. Ziliandikwa kwa Kiswahili kizuri. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi na Mzee Nzioka, ambaye aliubariki mradi. Swali moja liliulizwa, likajibiwa. Hakuna pingamizi lililotolewa. Yakafuata majina yetu yote, na mwishoni tangazo kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi katika ofisi ya kaunti kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Nilitafuta uongo humo ili nipate kukasirika. Labda upo katika lile neno "likajibiwa". Yaliyosalia ni kweli tupu.

Ijumaa ni kesho.

Tangu siku ya mkutano mke wangu haitikii maombi yangu. Nabariki chakula, nafika mwisho, nangoja, nasikia kijiko. Siku ya kwanza nilidhani hakunisikia. Siku ya tatu nilimwuliza, naye akanijibu bila kuinua sauti, akiendelea kuupepeta unga.

"Nilisema Amina kwa sababu ni wewe uliyeomba. Sikujua najiombea kufukuzwa."

"Ungeinua mkono, Mama Ndinda."

"Baba Ndinda, uliomba roho ya mabishano ifungwe nje. Sasa mimi nikisimama niseme yangu, mimi ni nani? Si ndiyo hiyo roho?"

Nimekaa na maneno hayo tangu siku hiyo.

Lakini nimejaribu kutenda haki. Huenda mtaa wetu unaihitaji kweli supamaketi kubwa, na huu uchungu wangu ni wa mtu aliyeaibishwa mbele za watu, basi. Kwa hiyo nimelichukua swali hilo jinsi ninavyolichukua fungu gumu la Maandiko, polepole na bila kuruka mstari.

Yapo mema. Muuguzi anayekaa nyuma yetu hutoka zamu jioni, na akitaka maziwa ya mtoto ya mkebe humlazimu kwenda mpaka katikati ya mji. Wapo vijana watakaopanga bidhaa na kulinda milango, na kijana mwenye kazi ni baraka hata kazi ikiwa ndogo. Kutakuwa na choo. Akina mama wa uwanjani wamekosa choo kwa miaka yote hiyo, wala sikumbuki kanisa letu, lililo jirani, likiwafungulia chake siku za soko. Hilo pia naliandika, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Wala mimi si msafi. Napenda kuingia mle. Napenda sakafu ile ya vigae, ubaridi unaotoka kwenye friji, na kwamba bei imebandikwa na hakuna wa kubishana naye. Mwaka jana nilinunua mle maharagwe ya paketi, yaliyolimwa sijui wapi, ilhali mke wangu alikuwa ameketi uwanjani hatua chache kutoka mlangoni, na jirani yake kwenye mkeka wa pili akiuza maharagwe. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa ndani tayari na nje jua lilikuwa kali. Mama Ndinda aliipokea ile paketi, akaifungua. Aliyapika.

Basi najua supamaketi inavyomvuta mtu.

Hata hivyo hii tuliyo nayo haijajaa hata siku moja, isipokuwa mkesha wa Krismasi na juma la kufungua shule. Siku nyingine zote wahudumu huegemea rafu wakiongea. Nikienda Emali kumwona binti yetu, naona duka kubwa na kuelewa kwa nini lipo. Pale barabara ya Mombasa inakutana na ya Loitokitok; malori yanasimama, wasafiri wanashuka, watu wasiojuana wananunua na kuendelea na safari zao. Mtaa wetu si njia panda ya mtu yeyote. Hapa wanakaa walimu, wauguzi, wastaafu, na wakulima ambao mashamba yao yameanza kukatwa ploti. Sijawahi kumsikia mmoja wao akilalamika kwamba amekosa mahali pa kununua kitu. Nimewasikia wakililia maji. Bomba hutoka siku mbili kwa juma, na kuna majuma halitoki kabisa. Mama Katunge alilisema hilo jana kisimani, kwa sauti ya kutosha ili nami nisikie: "Tuliomba maji ya mfereji, tunaletewa ya chupa."

Mwakilishi alituahidi kwamba wazalishaji wa hapa watatengewa rafu yao ndani, mradi bidhaa ziwe zimefungwa vizuri, zina lebo na alama ya ubora. Aliyasema hayo kwa moyo mweupe, naamini. Lakini sijui kama amewahi kumwona mtu akinunua muthokoi. Mnunuzi hutia mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje za chini, akazisugua kiganjani aone kama zimekobolewa sawasawa au ni ulaghai mtupu. Akiridhika anapimiwa, na juu ya kipimo anaongezewa ukufi mmoja bure. Paketi haitiwi mkono. Wala haiongezewi.

Na jambo jingine. Mwaka mmoja Mama Ndinda alilazwa na malaria, akakosa siku mbili za soko. Siku ya tatu walikuja wanawake sita na michi yao, wakatwanga mahindi aliyokuwa ameyaloweka yasije yakaharibika, wakayaanika, wakayauza, wakamletea fedha zake kitandani. Hawakutumwa na kanisa. Mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa nimeketi sebuleni nikiandaa somo juu ya upendo. Nilikasirika kidogo kwa kelele za kinu.

Basi jibu langu ni hapana. Mtaa huu hauhitaji supamaketi kubwa zaidi. Na kama ungeihitaji, ingejengwa mahali pengine, si juu ya mkeka wa mtu. Nimelipata jibu hilo wiki tatu baada ya kulijibu kinyume, mbele ya mtaa mzima, nikiwa nimefumba macho.

Niliporudi leo kutoka uwanjani nilipita dukani kwa Salim. Alinitolea kigoda bila kuombwa.

"Bwana Salim, wewe peke yako ulisema," nikamwambia.

"Mimi nilisema swali, Mzee. Wewe ulisema dua. Wao wakiandika, wataandika ipi?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa akipanga vibiriti vyake, safu juu ya safu.

"Hii ndogo ilinichukulia sukari na sabuni," akaendelea. "Kubwa itachukua na unga. Nitabaki na salamu."

"Utafanya nini basi?"

"Nitauza salamu. Wewe nitakupa kwa mkopo." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini nikuulize, Mzee wangu, na usinielewe vibaya. Kwenu nyinyi, mtu akiomba lisilo sawa, hairuhusiwi kurudi akasema nilikosea?"

Nilimwambia inaruhusiwa. Nilimwambia hiyo tunaiita toba. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyefafanuliwa jambo ambalo hakulijua, nami nikaona uso wangu ukipata moto kwa sababu alilijua vizuri.

Mchana Mama Ndinda alipika kutoka gunia lililorudi. Nilibariki chakula kwa maneno machache. Nilingoja. Hakuitikia, badala yake alilifungua fundo la leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka kando ya sahani yangu.

"Hii nilikuwa nayo siku ile," akasema, akaanza kula.

Yalikuwa maswali matatu, kwa penseli, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa. La kwanza: sisi tunaouza hapa tutaenda wapi, na ni nani atakayetuonyesha. La pili: paa likiwa kubwa hivyo, maji ya mvua yatateremkia nyumba za nani. La tatu: hii supamaketi tuliyo nayo haijajaa watu, sasa wa kununua kwenye hiyo kubwa watatoka wapi.

Mimi nilikaa chuo cha Biblia miaka minne. Yeye aliacha shule akiwa darasa la sita ili mdogo wake wa kiume aendelee. Alikuja mkutanoni na maswali matatu ambayo kampuni isingeweza kuyajibu kwa picha za ukutani, akayaketia kwa saa mbili, akarudi nayo nyumbani yakiwa yamelowa jasho, kwa sababu mume wake alikuwa amepata moto.

Nimesema nitaita dhambi kwa jina lake. Ni majivuno. Nililitumia jina la Mungu kama mtu anavyotumia firimbi, kuwanyamazisha watu ili mwingine aseme.

Nimeandika barua ya pingamizi. Imeanza na maswali yale matatu, kwa maneno yake yeye, sikurekebisha lolote. Kisha nikaongeza yangu: kwamba mimi niliyeufungua mkutano kwa maombi sikuwa nimetumwa na wakazi kuubariki mradi, wala sithubutu kusema nilitumwa na Mungu, kwamba nilisema yaliyozidi, kwamba ukimya wa akina mama haukuwa kibali bali ulikuwa utii kwangu, na kwa hiyo naomba usihesabiwe. Nimetia sahihi. Kesho asubuhi nitaipeleka kwa mkono, nami sitaondoka mpaka igongwe muhuri.

Niliposimama kumsomea, alikuwa akichambua mawe kwenye ndengu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumapili utaisoma?" akauliza.

Sikuwa nimekusudia hivyo. "Barua ni ya ofisi, Mama Ndinda."

"Lakini maombi hukuyafanyia ofisini."

Ninaandika haya tangu hapo, na sehemu kubwa ya muda huo nimekaa tu. Karani atakayeipokea barua kesho hanijui. Ataigonga muhuri na kuitia kwenye faili. Jumapili watakuwapo Mama Katunge na wenzake, watakuwapo wazee wenzangu, watakuwapo watu niliowafundisha kunyamaza wakiwa watoto na sasa wana wajukuu. Itanibidi nisimame niwaambie kwamba somo lile walilolishika kuliko yote nililifundisha vibaya, na kwamba jambo lililoombewa laweza kupingwa, hata aliyeliombea akiwa amesimama palepale. Sijui kama kutakuwa na mzee wa kanisa hapa baada ya hapo. Sijui kama inafaa awepo.

Nilimwambia nitaisoma.

Hakusema Amina. Alisema, "Tutaona," akamwaga ndengu zilizokwisha chambuliwa kwenye sufuria, akaanza kuchambua nyingine.

Sidhani barua itang'oa hata bati moja. Mambo ya namna hii huwa yameamuliwa kabla ya watu kuulizwa, na mabati hununuliwa kabla ya pingamizi kufika. Bado nitaipeleka. Bado nitaisoma.

Nimekuwa nikiyapitia maombi yale kichwani, moja baada ya jingine. Niliomba mvua, mawingu yako juu yetu na hayajatoa kitu. Niliomba maji ya bomba. Leo ni siku ya tano hayajatoka. Niliwaombea vijana kazi. Nimewapita leo asubuhi wameketi pale pale walipokuwa. Niliomba kazi ya mikono ya wajenzi isikwame, na tangu asubuhi, hapa nilipoketi, nyundo hazijanyamaza.